UZI: Jeni za mkarafuu, mwarubaini na shelisheli zishasomwa, sasa miti yetu wenyewe nani ataiandika?

Mwanakonde

Assalaam alaykum wadau, na wa salamu nyengine hamjambo.

Humu kila siku naona nyuzi za mronge unatibu nini, mwarubaini unywe vijiko vingapi, na biashara za unga wa majani zimejaa kila kona ya mtandao, lakini sijaona ntu anaegusa kazi kubwa inayofanywa maabara juu ya miti hii hii iliyo nyuma ya nyumba zetu. Mie nimesoma mambo ya maabara, na kwetu ni Mtambwe, Pemba, konde ya mikarafuu ya marehemu babu, kwa hiyo jambo hili liko moyoni mwangu sana. Uzi ni mrefu, nisameheni. Asie na wakati achukue hili tu: jenomu zinazotangazwa, yaani maandishi yote ya urithi ya mmea, ni za mti mmoja mmoja, na kilichomo ndani ya mti, iwe dawa iwe lishe, hubadilika baina ya mti na mti hata jina likiwa moja, basi tusipoiandika na kuitunza miti yetu sisi wenyewe hiyo elimu itapita juu ya vichwa vyetu iende ikawafae wengine.

Nianze na mkarafuu maana ndo uliotusomesha wengi wetu. Mwaka 2022 ilitoka jenomu yake, yaani maandishi hayo yote yamesomwa na kupangwa kromosomu kwa kromosomu (kromosomu ni zile nyuzi zinazobeba jeni), herufi za DNA kama milioni 370 kwenye kromosomu 11. Wengi walioifanya kazi hiyo ni watafiti wa kampuni kubwa ya tumbaku, na sababu inajulikana, Indonesia karafuu nyingi inaishia kwenye sigara za kreteki. Wakaulinganisha na mkaratusi maana miti hiyo ni ya ukoo mmoja, wakazitafuta jeni zinazotengeneza eujenoli, ile kemikali inayokupa harufu ya karafuu na ganzi ukiitafuna jino likiuma. Walichokiona ambacho mie kimenishughulisha ni kwamba eujenoli haiko peke yake, ina nduguye anaitwa eujenoli asetati, na wao wanakisia huyo ndie anaeuwezesha mti kulimbikiza eujenoli nyingi vile kwenye majani na kwenye tumba. Wenyewe wanasema ni dhana, bado haijathibitishwa.

Chukueni jani la mkarafuu mulielekeze juani, mutaona vidoa vidogo vidogo vinapitisha mwanga, hivyo ndo vifuko vya mafuta. Na karafuu nzuri ukiibonyeza kwa ukucha inatoa unyevu wa mafuta, kipimo cha zamani hicho na mpaka leo hakijakosea.

Sasa suali la Mpemba ni jengine. Mti gani ndani ya konde yangu una mafuta zaidi, na kwa nini ule wa bondeni haufanani na wa kilimani? Jenomu peke yake haikujibu hilo. Kuwa na jenomu ni kama kuwa na maelezo ya kupika pilau, bado hujajua siku ile jikoni palitiwa nini na moto ulikuwa vipi. Ndo maana watafiti wa sasa wanapima pia metaboliti, yaani kemikali zenyewe zilizomo kwenye jani siku lilipochumwa, halafu wanazioanisha na jeni zilizokuwa zinafanya kazi wakati huo. Hizo mbili zikikaa pamoja ndo unaanza kupata jibu.

Na mikarafuu yetu haikuanzia hapa. Mfaransa Pierre Poivre ndie alieipatia njia ikatoka Maluku ikafika Morisi 1770, na kutoka visiwa vile vya Wafaransa ndo ikaingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa na tokea hapo sisi ndo ghala. Itazameni safari hiyo, kila kituo ilipita miche michache, kwa hiyo upo uwezekano mkubwa mti wa Mtambwe na mti wa Mkanyageni ni ndugu wa karibu sana. Ukoo mwembamba namna hii ni khatari, maradhi yakipata mlango kwa mmoja yamepata kwa wote. Jambo hili linapimika, majani machache kutoka kila shehia yanatosha kuanzia, na mie ningependa lifanyike hapa hapa na vijana wetu.

Mwarubaini nao una kisa chake. Kemikali yake kubwa ni azadiraktini, ile inayowafanya wadudu wasile na wasijivue ngozi wakakua. Ilitengwa mara ya kwanza 1968, na wanakemia wa Cambridge chini ya Steven Ley iliwachukua miaka 22 kuitengeneza maabara kuanzia sifuri, wakafanikiwa 2007 kwa hatua kiasi 70 moja baada ya moja. Mti ulioko uani kwako unaifanya kazi hiyo kwa jua na maji ya mvua. Watafiti wa India wakatoa jenomu ya mwarubaini 2012. Halafu 2023 timu ya Stanford ya Marekani na John Innes ya Uingereza wakaufuata mti wenyewe unavyofanya: walizitafuta jeni moja moja kwenye jamii ya mchungwa na kwenye binamu wa mwarubaini, wakazitia kwenye jani la tumbaku pori ya Australia, jani likaanza kutoa kemikali za ukoo ule ambazo halijawahi kuzitoa. Enzaimu 22, yaani protini zinazoendesha hatua za kutengeneza kemikali, wamezitambua. Azadiraktini yenyewe hawajaifikia, wamefika kwenye azadironi ambayo iko njiani.

Hapo hapo nitoe indhari, mafuta ya mbegu za mwarubaini si ya kumnywesha mtoto. Kuna watoto wachanga wameumwa vibaya kwa hilo, imeandikwa na madaktari, na mti kuwa wa asili hakuondoi sumu.

Karibuni tuzungumze.

Umm Thuraya

Waalaykum salaam mwanangu Mwanakonde, umeandika vizuri Mungu akulipe. Mie nasaga unga wa mronge nauza mjini Unguja, majani nanunua kwa watu mbali mbali, wengine Makunduchi wengine Donge. Wateja wananilalamikia, mara huu mkali mara huu hauna ladha, na mie kuchanganya sichanganyi kitu wallahi. Nakausha juani juu ya mabati. Nataka kujua ni mimi au ni majani? Na ile wanayosema mronge una vitamini C mara saba ya chungwa ni kweli, maana na mie nimeiandika kwenye vifuko vyangu.

Mwanakonde

Shikamoo Bi Umm Thuraya. Ni majani na ni mabati, vyote viwili.

Kwanza majani. Mronge jenomu yake ilisomwa China 2015, herufi kama milioni 289 na jeni elfu 19 na mia nne na kitu, ndogo kwa mti. Halafu 2019 ikatoka nyengine kupitia muungano wa mazao yatima ya Afrika, wale wenye makao Nairobi ambao tokea 2011 wamejiwekea orodha ya mazao 101 ambayo Waafrika wanakula lakini watafiti wakubwa waliyapuuza. Mronge walitoa pamoja na njugu mawe, fiwi na mng'ongo.

Ule ukali wa mronge unatokana na kemikali zinaitwa glukosinoleti, jamaa zake zimo kwenye kabeji na haradali. Jani likiwa zima hazina ukali mkubwa. Ukilitafuna au ukilisaga zinakutana na enzaimu iliyokuwa imewekwa mbali nazo ndani ya jani hilo hilo, inaitwa mairosinesi, zinakatika na ndo unausikia ule mwasho puani. Ikiwa joto limeshaiua enzaimu, ukali unapungua sana. Kwa hiyo majani yaliyochemshwa au kuungua juani na majani yaliyokauka taratibu hayawezi kuwa sawa.

Lakini hata bila ya kukausha, mironge yenyewe ina tofauti. Utafiti uliotoka 2018 ulilinganisha ile ya mwituni na ile ya kufugwa, wakakuta ya mwituni michungu zaidi na mpangilio wa glukosinoleti zake ni mwengine, lakini protini hawakuona tofauti. Maana yake ntu wa Makunduchi aliepanda mbegu kutoka India na ntu wa Donge aliepanda mbegu ya jirani wanaweza kukuletea vitu viwili chini ya jina moja.

Mabati yaache Bi mkubwa. Jua kali na bati la moto linaua vitamini C na linapunguza ile beta karotini ambayo mwili unaigeuza vitamini A. Tandaza kivulini juu ya chandarua safi, upepo upite juu na chini, majani yabakie kijani. Yakiwa rangi ya tumbaku ushapoteza.

Na hiyo ya mara saba, nakuomba uitoe kwenye vifuko. Hesabu za namna hii nyingi huchanganya jani kavu na tunda bichi, au jani bichi ambalo hamna atakaekula gramu mia kwa mkao mmoja. Kijiko cha unga ni gramu chache. Mronge una protini nzuri, chuma, kalsiamu na beta karotini, hizo ni sifa za kweli na zinatosha, hazihitaji kusaidiwa.

Kijana wa Mkoani

Mkuu nakuheshimu lakini hebu tuongee ukweli, watu huku wanatafuta cha kula leo, muhogo unaoza chini ardhini ukiung'oa una michirizi, wewe unatuletea herufi milioni 370. Jeni zinamsaidia nini mama mwenye konde ya ekari moja?

Mwanakonde

Kijana suali lako la haki kabisa na muhogo ndo mfano mzuri kuliko hata wa karafuu.

Hayo maradhi ya michirizi kahawia yaliandikwa kwa mara ya kwanza 1936 kule Amani, Tanga. Ni virusi, na ubaya wake juu mti unaweza kuonekana mzima, unangoja mwaka mzima halafu unang'oa muhogo una madoa makavu ya kahawia ndani hauliki. Kizimbani, kituo cha utafiti wa kilimo kule Unguja, walifanya kazi ya kuchagua mbegu zinazostahamili, ndo mukapata zile aina za Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui ambazo bila shaka na wewe umezila. Kule kulikuwa kuchagua kwa macho na kwa kung'oa, msimu baada ya msimu. Alama za jeni zikijulikana unapima jani la mche mdogo kabla hujaupanda na ule unaobeba udhaifu unautoa mapema. Miaka inapungua hapo, na kwa mama mwenye ekari moja kupunguza mwaka ni kupunguza njaa ya mwaka.

Na mashine za kusomea DNA si lazima zijaze chumba tena. Kuna iliyo ndogo ya kushika mkononi inachomekwa kwenye kompyuta, na watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda na wenzao wa nje wameshakwenda nayo makondeni kwenye mihogo, mkulima akajua siku ile ile kirusi gani kiko kwenye muhogo wake. Hilo limefanyika, sikwambii ndoto.

Halafu kuna suala la sumu. Muhogo una linamarini, ukikatwa au kutwangwa inakutana na enzaimu yake inatoa sainidi. Hatua ya mwanzo ya kuitengeneza inaendeshwa na jeni mbili zinazojulikana vizuri, na 2021 ilionekana kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya muhogo mchungu na mtamu inatokana na jeni nyengine kwenye kromosomu ya 16, inayohusika na usafirishaji ndani ya mmea. Na ukame unaizidisha sumu, ndo maana muhogo ule ule uliokuwa mtamu mwaka wa mvua unaweza kukuumiza mwaka wa jua. Micheweni na Kiuyu kwenye mawe na ardhi kavu hili tulitie akilini sana.

Bibi zetu wanapotwanga kisamvu mpaka kikalainika kabisa halafu wakakichemsha wazi, wanaikutanisha linamarini na enzaimu yake kisha wanaiacha sainidi iruke na mvuke. Asietwanga vizuri akafunika chungu tokea mwanzo anaibakisha. Kwa hiyo kijana, mama wa ekari moja yumo ndani ya utafiti huu tokea kinu chake.

Bwanashamba Mstaafu

Vijana nimewasoma, niongezee kwenye shelisheli maana naona kichwa cha uzi kimelitaja na hamjalifikia.

Mimi nimefanya kazi ya ushauri wa kilimo Pemba na Unguja. Mshelisheli wetu hauna kokwa, huupandi kwa mbegu. Unafukua mzizi ulio karibu na juu, unaujeruhi kidogo kwa panga, unaufukia nusu, baada ya muda pale kwenye jeraha linatoka chipukizi, likishapata mizizi yake unalikata unahamisha. Kila mshelisheli unaouona barabarani ni kipande cha mwengine. Watu wanaukata kwa sababu majani yake makubwa yanajaza uwanja na utomvu unaharibu nguo, na kila nyumba mpya inayojengwa mti wa kwanza kuondoka ni huo. Nimeliona hilo kwa macho yangu na linaniuma, mti unaolisha nyumba nzima kwa shelisheli za kuchemsha na za kukaanga bila ya mbolea wala dawa.

Mwanakonde naomba utueleze, ikiwa yote ni kipande cha mmoja, si ndo tumebaki na mti mmoja tu?

Mwanakonde

Mzee wangu shikamoo, umenipa pa kuanzia.

Asili ya shelisheli ni Papua Guinea Mpya kwa mti wenye mbegu, halafu wasafiri wa bahari ya Pasifiki wakabeba vipande kutoka kisiwa hadi kisiwa, na njiani ukachanganyika na ndugu yake mwengine wa visiwa vya Mariana. Mshelisheli wa kawaida wenye mbegu una kromosomu 56, ile isiyo na kokwa mingi ina 84, yaani seti tatu badala ya mbili, na seti tatu hazigawiki sawa sawa wakati wa kutengeneza mbegu ndo maana kokwa hakuna. Jenomu yake ilitoka 2020 pamoja na ya fenesi, yote mawili yamo kwenye ile orodha ya mazao 101 ya Afrika niliyoitaja.

Suali lako jibu lake inawezekana ndio, na inawezekana pia ziliingia aina mbili tatu kwa nyakati tofauti. Wazee wanasema kuna shelisheli la unga na kuna la majimaji, kuna linalowahi na kuna linalochelewa. Hiyo inaweza kuwa ardhi, inaweza kuwa jeni. Kipimo cha vinasaba vya miti michache tu kinalitenga hilo bila ya ubishi. Lakini mti ukishakatwa ukawa kuni hakuna cha kupima.

Na minazi iko hivyo hivyo. Mwaka 2011 ilitoka kazi iliyopima minazi zaidi ya 1,300 ya dunia nzima, wakakuta makundi mawili makubwa, la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, isipokuwa minazi ya Madagaska na Komoro ambako makundi yote mawili yamechanganyika, na wanalihusisha hilo na mabaharia waliotoka Asia ya kusini mashariki zamani. Komoro ni jirani zetu wa damu. Mie nnapouona mnazi wa zamani Kojani natamani sana kujua uko upande gani.

Mgeni wa Bara

Habari za huko visiwani. Swali la haraka, haya mambo ya jeni si ndo GMO? Maana huku kwetu watu wanasema viazi vya njano vimechezewa maabara, mke wangu amekataa kuvipika kabisa.

Mwanakonde

Karibu sana ndugu wa Bara. Hapana, kusoma jeni si kuchezea jeni. Unaweza ukasoma jenomu ya mti ukaondoka ukauacha vile vile, ukatumia uliyoyasoma kuchagua mbegu nzuri kwa njia ya kawaida ya kupandisha.

Viazi lishe vya rangi ya chungwa vinavyolimwa Afrika vimepatikana kwa kupandisha aina na aina, na waliofanya kazi hiyo Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low walipewa tuzo ya dunia ya chakula 2016 pamoja na Howarth Bouis. Rangi ile ni beta karotini. Mwambie wifi yetu avipike na tui la nazi, kwa sababu beta karotini inahitaji mafuta mwili uipokee, hapa kwetu futari ya viazi na tui inakwenda sawa kabisa na hilo, na watoto wanaipenda.

Na kuna jambo wengi hawalijui. Mwaka 2015 watafiti waliangalia vinasaba vya viazi vitamu vinavyolimwa, wakakuta ndani yake vipande vya DNA ya bakteria wa udongoni, vimeingia vyenyewe zamani kabla ya maabara yoyote, na kila aina ya kiazi cha kulimwa waliyoipima ilikuwa navyo. Kiazi cha bibi yako kimo.

Muuza Udi

Mie nina wasiwasi mwengine kabisa na naomba usipite juu juu. Sisi tukishaiandika miti yetu na kusema huu unatibu hivi, si ndo tunawarahisishia wezi? Kesho unaona kampuni Ulaya ina hati miliki ya mwarubaini wa bibi yangu.

Mwanakonde

Wasiwasi wako una historia ndugu yangu, tena kwa mwarubaini huo huo. Mwaka 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya ilitoa hataza, yaani hiyo hati miliki ya uvumbuzi, kwa kampuni ya W.R. Grace na wizara ya kilimo ya Marekani juu ya mafuta ya mwarubaini kuzuia ukungu kwenye mimea. Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet wa Ubelgiji na shirikisho la wakulima wa kilimo hai wakapinga, wakaleta ushahidi kuwa wakulima wa India wakiyatumia tokea zamani. Hataza ikafutwa 2000, rufaa ikatupwa Machi 2005. Kilichowashindisha pale ni ushahidi wa matumizi ya kabla. Kwa hiyo kuandika kwa mpango kunakulinda, lisiloandikwa popote ndo rahisi ntu kudai amelivumbua.

Mkataba wa Nagoya wa 2010, ulioanza kazi 2014, unasema mwenye kuchukua mmea kwa utafiti apate ridhaa na mgawane faida. Lakini ulikuwa na tundu kubwa. Jenomu ikishawekwa kwenye kompyuta hakuna haja tena ya kuja Pemba kuchukua jani, anaishusha tu aliko. Zile jeni zilizotiwa kwenye jani la tumbaku pori nilizowaelezea juu zilifanya kazi namna hiyo, mtu anachukua maandishi anayatia kwenye jani jengine. Ndo maana mataifa wakakaa Cali, Kolombia, mwishoni mwa 2024 wakakubaliana juu ya mfuko, ukazinduliwa Roma Februari 2025. Kampuni kubwa za dawa, vipodozi, mbegu na nyengine zinazofaidika na maandishi hayo zinatakiwa zichangie asilimia 1 ya faida au asilimia 0.1 ya mapato, na angalau nusu ya fedha iende kwa jamii za asili na za wenyeji. Tatizo ni hiari. Hakuna wa kumlazimisha asietoa, na mie naliona hilo ni dogo mno kwa thamani ya kilichochukuliwa.

Lakini hata fedha zikija, zitafika vipi kwa shehia ambayo haina hata daftari linaloonesha ina mti gani? Hapo ndo narudi kuwashikilia wenzangu. Pemba ina msitu wa Ngezi, una mpapindi, mti wa jamii ya mnazi, ambao haupatikani pengine duniani isipokuwa hapa, una popo wetu anaezisambaza mbegu. Wawi tuna maabara ya afya ya jamii imefanya kazi za kichocho na minyoo kwa miaka mingi, Kizimbani wapo watu wa kilimo, chuo kikuu chetu SUZA kina vijana wa sayansi. Ujuzi umo nchini, uliobaki ni kuukalisha pamoja na wakulima na waganga wetu.

Umm Thuraya

Mwanangu nimeshayatia majani kivulini na nimevifuta vile vifuko. Sasa niambie mie na wenzangu wa kikundi tufanye nini, hatuna maabara sisi.

Mwanakonde

Bi Umm Thuraya umenifurahisha sana Mungu akubariki.

Chukueni daftari. Kila mti munaochuma upeni namba, muifunge kwa kibati na waya usioukaba mti. Andikeni uko wapi, nani mwenyewe na amekubali, ulipandwa kwa mbegu au kipandikizi na kilitoka wapi, umri kwa kukisia. Kila mkichuma andikeni tarehe, mvua au ukame, majani machanga au makuu, na ladha mliyoisikia. Unga wa kila mti uwekeni mbali mbali, msiuchanganye, mpaka mjue tofauti zake. Habari ya dawa, yaani nani anautumia kwa maradhi gani na kwa kiasi gani, iandikeni kwenye daftari jengine likae kwa mtu mnaemuamini, msilipige picha kulirusha kwenye makundi ya simu.

Na ikitokea siku watafiti wa kweli wanataka jani, muwe mshajiandaa. Kwa vinasaba jani changa lisilo na ugonjwa, kipande tu, linakatwa likaushwe haraka ndani ya mfuko wenye silika jeli, zile chembe zinazokuja kwenye vifuko vidogo ndani ya maboksi ya viatu. Zile za kwenye viatu hazitoshi, zinauzwa kwa kilo, na zile zenye rangi zikishajaa maji hubadilika mkajua. Jani lisipigwe pasi wala lisikaushwe jikoni. Likikauka likavunjika ndani ya siku moja mbili linakaa miaka bila ya friji. Kwa kemikali ni kazi nyengine, jani hilo linatakiwa ligandishwe au likaushwe kwa namna moja siku zote, na lichumwe saa ile ile kila mara, maana jani la asubuhi na la mchana halina kiasi kimoja.

Kabla hamjatoa jani lolote mdai karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili inayosema linakwenda wapi, litapimwa nini, matokeo mtayapata lini na nani ataruhusiwa kuyatumia. Asiekubali kuiandika, jani lake libaki mtini.

Bwanashamba Mstaafu

Mwanakonde nipe namba yako kwa ujumbe wa ndani. Najua mishelisheli ya zamani iliyobaki Ole na Kengeja, wenyewe wengine wana umri kunishinda mimi. Tuianze hiyo kazi ya vibati kabla ya masika hayajaingia, mizizi ni rahisi kuifukua wakati huu.